Matanga ya Ovaroli ya Bluu

Kwanza tuongee habari ya viti. Najua ninyi wajukuu zangu mnaosomea ushauri nasaha mnapenda kuanza na nadharia, lakini mimi nimekaa kwenye kazi hii Songea tangu ilipokuwa ngeni mpaka miguu iliponivimba, na nawaambia: kiti kikikaa vibaya, nadharia yote inamwagika.

Kozini tulifundishwa kuweka viti viwili vikitazamana. Mshauri huku, mteja kule, macho kwa macho, mlango umefungwa. Nikarudi na ujuzi wangu, nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya magongo ya wagonjwa, nikapanga viti kama nilivyoelekezwa. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Msamala, mtu wa rika la baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, nikaketi, nikamtazama machoni kwa upendo wote wa kozi. Mzee akatazama dari. Nikaongeza upendo. Akatazama sakafu. Mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Kesho yake nikavigeuza viti. Nikaviweka ubavu kwa ubavu, vyote vikielekea dirishani, ambako kulikuwa na kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Watu wawili wanaotazama mashuka yakipepea wanaweza kuambiana mambo ambayo wakitazamana hawaambiani hata kwa viboko. Jaribuni, halafu mje mniambie.

Na lile swali letu, "Unajisikiaje?" Tulifundishwa kuliuliza kwa sauti laini, shingo imelala upande kidogo. Huku kwetu ukimuuliza mtu hivyo hospitalini, anakuonyesha mahali. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe nilimuuliza, akafikiri, akashika chini ya kitovu. "Hapa, Sista. Tumboni." Nikamwambia siulizii mwili, naulizia moyo. Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo huohuo moyo, umeshukia huku." Tangu siku hiyo sikumsahihisha tena mtu aliyenionyesha tumbo.

Mtaniuliza niliingiaje kwenye kazi hii. Mimi si mwenyeji wa Songea. Nimezaliwa Mahenge, baba yangu alikuwa katekista, na nyumba yetu haikukosa wageni wa parokia. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kuwanawisha wageni mikono na kufunga mdomo, maana neno la mtoto wa katekista lilifika kwa Padre kabla uji haujapoa. Nikasomea uuguzi na ukunga, nikapangiwa Songea, wodi ya wazazi. Huko ndiko nilikosomea ushauri kabla sijausomea. Huwezi kumzalia mtu, wajukuu zangu. Unamshika mkono, unamfuta jasho, unamwambia yuko wapi, lakini kusukuma anasukuma mwenyewe, na akitaka kukutukana wakati huo, unatukanwa na unasema asante.

Matroni wetu, mama mmoja wa Kinyakyusa ambaye viatu vyake vilisikika kutoka jengo la pili, ndiye aliyenichagua kwenda kozi. Niliporudi nimejaa maneno mapya alinisikiliza nikimshauri msichana mmoja, kisha akaniita pembeni. "Umefanya vizuri," akasema, "ila una haraka ya kuonekana una akili. Yule binti alikuwa anakuja na jibu lake, ukamwahi." Nilinuna wiki nzima, na bado alikuwa amesema kweli.

Ndipo nikaanza mambo ya mahindi. Nilichukua debe la mahindi kutoka jiko la hospitali, nikaliweka katikati ya viti viwili. Mteja akiingia, tunapukuchua. Mikono ikishapata kazi, mdomo unajisahau. Mtu anaanza na habari ya mvua, anahamia kwa jirani, ghafla gunzi linasimama mkononi na anasema, "Sista, mwanangu hataki kuniona." Ukilisikia gunzi limesimama, na wewe simamisha lako. Hilo halikuwamo kozini.

Basi, ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba ilijaa sokoni, kila mwenye chumba cha mbele akatoboa dirisha la duka, mashine za kusaga za watu binafsi zikanguruma hadi vijijini. Wakati huohuo kazi za umma zilikuwa zinapunguzwa watu. Tukaanza kupokea wanaume wa aina mpya. Wanaumwa tumbo, kichwa, mgongo, na vipimo havioni kitu. Madaktari wakichoka wanasema, "Mpelekeni kwa Sista wa Magongo." Ndilo jina nililokuwa nimepata, kwa sababu ya ile stoo.

Mmoja wao nitamwita Menas. Jina hilo nimemvisha mimi, yeye mwenyewe amelisikia akacheka, akasema linamkaa. Alikuwa Mngoni wa Bombambili, fundi wa malori kwenye karakana moja ya umma. Karakana ilifungwa. Mafundi waliitwa chini ya bati, wakaambiwa asanteni, geti likatiwa kufuli. Kesho yake asubuhi Menas akavaa ovaroli yake ya bluu, akapanda baiskeli, akaenda kukaa kwenye jiwe mkabala na lile geti. Alasiri akarudi nyumbani. Kesho yake tena hivyohivyo. Haikuwa siri, mji mzima ulimwona. Wenzake wawili watatu walikuwa wakikaa naye. Lakini hakuna aliyethubutu kusema neno, na yeye hakusema.

Mkewe, Gaudensia, ndiye aliyemleta kwangu. Mmatengo wa Mbinga, mwuza mitumba, mfupi, anaongea kama anayepanga nguo mezani, kila neno mahali pake.

"Hasemi, Sista. Anasema 'ndiyo', anasema 'chumvi', basi. Nimevumilia. Sasa shule zikifunga nachukua wanangu nakwenda kwetu. Kaka yangu ameshakubali kuja kutuchukua. Mtu akikunyamazia namna hii amekufukuza tayari, ila anaogopa dhambi ya kulitamka."

Menas alikuwa anatazama mashuka. Shingo ilimcheza kidogo, basi.

Nikasema moyoni, hapa ndipo ujuzi wangu utaonekana. Nikatumia kila nilichokuwa nacho. Nikanyamaza naye, akanishinda kunyamaza. Nikampa mahindi, akapukuchua debe zima bila neno, kwa ufundi ambao jikoni walitamani aajiriwe. Walikuja tena, na tena. Kila mara Gaudensia alisema yake, Menas alipukuchua yake, na mimi nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi, maana nilikuwa nimempenda yule mama na nilikuwa nimempenda yule bwana, na shule zilikuwa zinakaribia kufunga.

Siku ya mwisho kabla ya likizo, Gaudensia alichoka kumsemea mumewe, akanigeukia mimi. "Hivi Sista, kwenu hasa ni wapi?"

Kozini tulikatazwa: mshauri hajizungumzii. Swali hilo aliwahi kuniuliza nikalikwepa kwa adabu. Siku hiyo sikuwa na nguvu za kukwepa. "Mahenge," nikasema. "Mimi Mpogoro."

Kiti cha Menas kikalia. Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu anijue.

"Mpogoro?"

"Mpogoro."

"Na wiki zote hizi unanitazamisha mashuka?"

Gaudensia akadondosha gunzi.

Kwa ninyi mliozaliwa mjini mkalelewa na televisheni, nieleze. Wangoni na Wapogoro ni watani, tangu babu zetu walipoacha kuchomana mikuki wakaamua kuchomana kwa maneno. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukunyang'anya kuku wako, na ukikasirika aibu ni yako. Kwenye msiba ndiko hasa kwake. Hasubiri kualikwa. Anafika watu wamejikunja kwa huzuni, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa mchoyo wa tumbaku, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka vizuri. Neno ambalo ndugu hawezi kulisema, mtani analisema, na linapokelewa.

"Nilijua tu," Menas akaendelea, kama bomba lililozibuliwa. "Mtu anakaa kimya hivi, lazima awe wa wale waliokimbilia milimani wakatuachia mbuzi."

"Mbuzi tuliwaachia kwa huruma," nikajibu. "Mmetembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini yote ile, mnafika Songea mnasema tumefika. Mngejikaza kidogo mngeiona bahari."

Alicheka! Sauti ilitoka na kutu, ikamshangaza mwenyewe. Gaudensia alishika mdomo kwa mikono miwili. Na hapo, wajukuu zangu, neno likanijia ambalo nisingethubutu kulisema kama Sista.

"Lakini mtani," nikamwambia, "nina kesi na wewe. Nasikia kwako kuna msiba."

Uso ukamkauka. "Msiba gani?"

"Kazi imekufa. Karakana imekufa. Na mimi mtani wako sikuitwa, sikula, sikupewa hata nguo ya marehemu. Ndiyo haki hiyo?"

Akainama. Nikajua nimeharibu. Nikaanza kutafuta maneno ya kozi ya kuomba samahani, ndipo akasema taratibu, macho yako mikononi mwake, "Haijafa. Nisiposema, inaumwa tu. Naamka najiambia, leo huenda wakafungua. Nikiwaambia watoto imekufa, nitakuwa nimeiua mimi."

"Baba Festo," Gaudensia akasema, "mbona hukuniambia hivyo?"

"Ningekuambiaje bila kusema?"

Nikaweka gunzi langu chini. Kisha nikauliza, na niliuliza kwa kweli maana jibu sikuwa nalo, "Sasa tufanyeje, sisi watatu?"

Menas akavuta pumzi. "Mtani anauliza kazi yake? Njoo uizike."

"Watu watacheka," Gaudensia akasema.

"Si ndiyo matanga?"

Tukapanga hapohapo. Menas alichagua Jumamosi na kusema wale wenzake wa jiweni waitwe, maana nao ni wafiwa. Mimi niliambiwa nitavaa ovaroli. Gaudensia alisema atapika, lakini akanitazama vizuri kabla ya kuondoka. "Sista, mimi sijasema nabaki. Kaka anakuja Jumamosi hiyohiyo. Nguo za watoto nimeshafunga."

Nilikwenda kwa Matroni huku tumbo linaniuma, moyo ukiwa umeshukia huko.

"Matroni, kozini walisema mshauri haendi nyumbani kwa mteja."

"Nani amekualika?"

"Mteja."

"Unakwenda kama nani?"

"Kama mtani."

"Mtani haombi ruhusa," akasema, akarudi kuhesabu blanketi zake.

Jumamosi hiyo niliomba kwanza Gaudensia anifundishe mumewe. Tulijificha jikoni. Akanionyesha anavyokohoa mara moja mlangoni kabla ya hodi, anavyobonyeza tairi la baiskeli kwa dole gumba kila asubuhi hata kama halina shida, anavyofuta mikono mapajani kabla ya kugusa ugali, mikono iwe safi isiwe safi. Nilimwona anavyovijua vyote hivyo, nikajua yule mama hakuwa anataka kwenda Mbinga. Alikuwa anataka kubembelezwa abaki, na mume asiyesema hawezi kubembeleza.

Uani walikuwepo wale mafundi watatu, majirani, watoto, na kaka yake Gaudensia ameketi pembeni, kofia magotini, uso wa mtu aliyekuja kubeba mizigo. Nikatoka. Enzi hizo nilikuwa mnene kuliko sasa, na ile ovaroli, niliyoivaa juu ya gauni, haikuwa imeshonwa kwa ajili ya mkunga. Vifungo vya tumboni vilikataa kabisa. Nikakohoa mara moja. Nikabonyeza tairi. Watoto wakaanza kupiga kelele, "Baba! Baba!" Nikapanda baiskeli, nikazunguka uani, nikafika kwenye kinu kilichopinduliwa, nikakikalia kama jiwe, nikalitazama geti la hewani. Nikatazama. Nikaendelea kutazama. Fundi mmoja akaanza kucheka, kisha akaacha, akainamia magoti yake. Nikarudi nyumbani, nikafuta mikono mapajani, nikaketi mbele ya Gaudensia. Akanitengea dagaa wa Nyasa na ugali.

"Habari za kazi, Baba Festo?" akaniuliza.

Nikajibu, "Chumvi."

Kicheko kilichotoka pale kilifika barabarani. Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini, na chini palepale akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msiba kabisa, kile alichokuwa amekizuia tangu geti lifungwe. Kaka yake akasimama.

Ndipo Menas akainuka. Akaja mbele yangu, akaanza kunifungua vifungo vile vichache vilivyokubali, akanivua ovaroli taratibu kama anayemvua mgonjwa. Akaikunja. Akawageukia wanawe.

"Kazi imekufa," akasema. "Baba yenu hajafa. Mimi nipo." Kisha akamtazama mkewe pale chini. "Mama Festo, naogopa. Sijui kazi nyingine. Usiende."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akimwambia mkewe.

Kwa desturi nguo ya marehemu ni yangu mimi mtani. Nikanyoosha mkono. Gaudensia akaidaka kabla sijaigusa. "Mtani utapewa kuku," akasema, amejifuta uso kwa kanga. "Hii ina mwenyewe." Akaiweka mapajani. Kaka yake akauliza, mizigo ipakiwe au isipakiwe? "Kaka, kula kwanza," akamjibu. "Sijasema nabaki. Nimesema kula." Kaka alikula, akala na kuku wangu pia, akarudi Mbinga peke yake.

Msidhani Menas aliamka kesho yake ameota mabawa. Kuna asubuhi alirudi tena jiweni, Gaudensia akamtuma mtoto amfuate na chai. Aliendelea kuja kwangu, tukawa tunapanga. Mimi naleta wazo, yeye analikosoa, mkewe analipunguza bei kama nguo ya mtumba, na lile linalobaki ndilo tunalolijaribu. La kutengeneza mashine za kusaga lilikuwa lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimependekeza bustani ya mchicha, akaniambia Wapogoro tubaki na mchicha wetu. Alizifuata mashine hadi Namasakata huko Tunduru, amevaa ovaroli ileile, Gaudensia akiwa ameitia viraka magotini.

Sasa msitoke hapa mkaanza kuwavalia wateja nguo zao. Yule alikuwa mtani wangu, na ni yeye aliyeniambia njoo. Mzee wa Msamala ningemfanyia hivyo angenishtaki kwa Padre. Ninachowaambia ni kwamba kila mtu anaingia chumbani mwako na ufunguo wake mfukoni. Wewe umeombwa tu umsaidie kuupapasa.

Nilipostaafu walinipigia makofi, wakanipa kitenge na saa ya ukutani. Jumatatu yake niliamka, nikavaa gauni langu jeupe la kazini, nikafunga mkanda, nikakaa kwenye kiti kibarazani. Nilijiambia napumzika kidogo tu. Kesho yake nikalivaa tena. Wanangu walinipita, shikamoo mama, wakaangalia pembeni.

Siku moja katikati ya wiki mtu akakohoa mara moja kwenye uzio. "Hodi! Tumesikia kuna msiba hapa."

Menas alikuwa na mvi kichwa kizima. Gaudensia alikuwa nyuma yake na kuku kwapani.

"Hakuna msiba," nikasema.

"Lete hilo gauni," Menas akasema.

Nilibisha, lakini kwa mtani utabisha mpaka wapi. Niliingia ndani, nikavaa kitenge, nikamtolea. Alilivaa juu ya suruali yake, likamfika magotini, mkanda ukamzunguka mara mbili. Akavuta kiti, akakiweka ubavuni mwa changu, tukawa tunatazama kamba yangu ya nguo. Akalaza shingo upande, kwa upendo wote wa kozi, akaniuliza kwa sauti laini, "Unajisikiaje, Sista?"

Nilicheka mpaka kitenge kikanilegea. Halafu nikaona mkono wangu umeshashuka wenyewe, umeshika chini ya kitovu.

"Hapa, mtani," nikamwambia. "Tumboni."

Gaudensia akamweka kuku chini, akasogeza debe langu la mahindi lililokuwa kibarazani, tukaanza kupukuchua.